Waya wa Maikrofoni Usiokatika Shingoni: Mwongozo Kamili wa Kuutengeneza kwa Mkono

Nyaya za maikrofoni ninazoletewa na wanakwaya, vikundi vya taarabu na wapigaji muziki wa harusini huwa na ugonjwa mmoja. Katikati ya waya, mita zote sita au kumi, hakuna kasoro yoyote. Kasoro iko shingoni, ndani ya sentimita tatu za mwanzo nyuma ya plagi, na aghalabu mwenye waya ameshaulehemu upya mara mbili au tatu mahali hapo hapo. Kila mara huamini kwamba lehemu iliyopita haikutosha, kwa hiyo huongeza nyingine, na waya hukatika mapema kuliko mara ya kwanza.

Mwongozo huu unashughulikia jambo hilo peke yake. Lehemu kazi yake ni kupitisha umeme, na haikuumbwa kubeba uzito wala kuvumilia kukunjwa. Waya utadumu ikiwa mvuto wote utapokelewa na ngozi ya nje ya waya, ukahamia kwenye kibano, kisha kwenye ganda la plagi, huku viungo vya lehemu vikiwa vimetulia ndani bila kuvutwa na chochote.

Mfano nitakaoufuata ni waya wa mita 6 wenye plagi za XLR za pini tatu, yaani zile plagi za duara za maikrofoni, dume upande mmoja na jike upande wa pili. Tofauti za jeki ya milimita 6.35 nimezieleza baada ya hatua za XLR.

## Vifaa vinavyohitajika

- Waya wa maikrofoni wenye unene wa nje wa milimita 6 hivi, nyaya mbili za ndani zilizosukwa kwa nyuzi nyembamba nyingi, na wavu wa shaba unaozizunguka kama ngao. Waya ambao ngao yake ni karatasi ya alumini peke yake unafaa kupigiliwa ukutani. Karatasi hiyo hupasuka upesi waya unapokunjwa na kukunjuliwa kila siku.
- Plagi mbili za XLR zenye kibano cha ndani cha kuushika waya, na buti la mpira, yaani kifuniko cha nyuma ambamo waya hutokea. Popote unaponunua, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue ya Nairobi, fungua plagi kabla ya kulipa, uone kibano kinashika unene gani. Plagi za Neutrik za mfululizo wa XX, kwa mfano, hushika waya wa milimita 3.5 hadi 8.
- Pasi ya kulehemu ya wati 40 hadi 60, ikiwezekana yenye kurekebishwa joto.
- Risasi ya kulehemu ya 60/40 au 63/37 (asilimia za bati na risasi) yenye utomvu wa kusafishia ndani yake. Dawa ya asidi inayotumiwa na mafundi wa mabati na mabomba usiiguse kwa kazi hii, kwa sababu huendelea kuila shaba baada ya kazi kuisha.
- Mipira inayosinyaa kwa joto, ya kawaida na ile yenye gundi ndani.
- Wembe mpya, koleo la kukatia, plaizi, jiriwa, maltimita, rula, kalamu ya wino usiofutika, na dumu la maji la lita 5.

## Mvuto na mkunjo ni maadui wawili tofauti

Wengi hushindwa kwa sababu hutafuta dawa moja ya maradhi mawili. Mvuto hutokea mtu anapojikwaa kwenye waya au mwimbaji anapotembea mbali kuliko urefu wake, na dawa yake ni kibano. Mkunjo hutokea kila dakika maikrofoni inapokuwa mkononi, na kibano hakiuzuii hata kidogo. Dawa ya mkunjo ni shingo inayopinda taratibu, ambayo ugumu wake hupungua kidogo kidogo kutoka kwenye plagi kuelekea kwenye waya.

Chukua uzi mmoja wa shaba wenye unene wa milimita 0.1 na uukunje kwenye duara lenye nusukipenyo cha milimita 10. Upande wake wa nje hunyooshwa kwa asilimia 0.5 tu. Sasa acha lehemu ipande ndani ya waya na kuzigandisha nyuzi zote kuwa fimbo moja yenye unene wa milimita 0.6. Kwenye mkunjo ule ule fimbo hiyo hunyooshwa kwa asilimia 3, yaani mara sita zaidi. Isitoshe, shaba inayokunjwa mara kwa mara mahali pamoja huwa ngumu, na ikishakuwa ngumu hukatika. Ndiyo maana waya haukatiki kwenye lehemu yenyewe, bali pale lehemu inapoishia na nyuzi laini zinapoanza.

Hilo nililiona wazi siku nilipofungua waya uliozimika katikati ya harusi moja Tanga. Kijana aliyeutengeneza alikuwa na mkono mzuri wa kulehemu, tena alikuwa amejaza gundi ya moto ndani ya ganda lote ili waya usitikisike. Alikuwa amesimama pembeni yangu. “Fundi, mbona lehemu bado inang’aa?” akaniuliza. “Inang’aa kwa sababu yenyewe haijakatika, mdogo wangu. Tazama hapa nyuma yake.” Pale gundi ilipoishia, nyuzi zilikuwa zimekatika zote isipokuwa mbili, na ncha zake zilikuwa bapa na kavu kama mabua yaliyokatwa kwa panga butu. Gundi ilikuwa imeondoa mkunjo mahali pamoja na kuukusanya wote mahali pengine.

## Hatua ya 1: Kata waya na ukague shaba

Kata waya kwa koleo kali, kisha chuna sentimita moja ya ncha na uitazame shaba kwenye mwanga. Inapaswa kuwa na rangi angavu, nyekundu ya waridi. Ikiwa imeingia weusi au kijani, rudi nyuma sentimita kumi na ukate tena, na uendelee hivyo mpaka upate shaba safi.

Sisi tunaoishi pwani tuna sababu ya ziada ya kukagua. Hewa yenye unyevu na chumvi huingia kwenye ncha iliyoachwa wazi na kutambaa chini ya ngozi, na shaba iliyokwisha kuwa nyeusi haishiki lehemu hata uiunguze kwa dakika nzima. Waya wa zamani unaoutengeneza upya ukate angalau sentimita 10 nyuma ya plagi ya zamani, hata kama unaonekana mzima, kwa sababu kipande hicho kimeshakunjwa maelfu ya mara. Kupoteza sentimita 10 ni hasara ndogo kuliko kurudia kazi mwezi ujao.

## Hatua ya 2: Visha waya kabla ya kulehemu

Pitisha kwenye waya, kwa mpangilio huu: buti la mpira, mipira inayosinyaa utakayoitumia shingoni, kisha kibano ikiwa ni cha aina isiyofunguka ubavuni. Ikiwa tundu la buti ni jembamba kwa mipira ya shingoni, tanguliza mipira kabla ya buti (tazama Hatua ya 6). Fanya hivyo pande zote mbili. Mipira iweke mbali na ncha, umbali wa nusu mita hivi, isije ikasinyaa kabla ya wakati kwa joto la pasi.

Hatua hii ni ya dakika moja, na ndiyo inayosahauliwa kuliko zote.

## Hatua ya 3: Chuna ngozi bila kuwajeruhi walio ndani

Pima milimita 20 kutoka kwenye ncha na uweke alama. Pinda waya pale penye alama, kisha gusa ngozi iliyokazwa na mkunjo kwa makali ya wembe, bila kusukuma. Ngozi itafunguka yenyewe kama ganda la ndizi mbivu. Zungusha waya na uguse tena, mpaka uzunguke wote. Usikate ngozi kupenya mpaka chini. Ukiona hata uzi mmoja wa wavu umeanguka mezani, ujue wembe umefika mbali, na kuna nyuzi nyingine zilizokwaruzwa ambazo huzioni. Uzi uliokwaruzwa huanzia hapo kukatika. Kata ncha hiyo na uanze upya.

Fumua wavu taratibu kwa ncha ya kalamu, uukusanye upande mmoja na uusokote kiasi tu. Ukisokotwa kupita kiasi huwa mgumu kama msumari. Uvike kimpira chembamba kuanzia pale ngozi ya nje inapoishia, ukiacha milimita 5 wazi. Kimpira hicho huzuia nyuzi zake kugusa pini za jirani.

Nyaya mbili za ndani zichune milimita 4 tu. Ikiwa waya wako una nyaya nne za ndani, mbili za rangi moja na mbili za rangi nyingine, sokota pamoja zile zenye rangi moja na uzihesabu kama waya mmoja.

Mwisho, fanya wavu uliosokotwa uwe mrefu kidogo kuliko nyaya nyingine mbili, kwa milimita 2 au 3. Kibano kikija kushindwa siku moja, wavu utakuwa wa mwisho kuvutika. Wavu ndio unaozuia mvumo, na ndio njia ya kurudi ya umeme wa volti 48 unaoendesha maikrofoni za kondensa. Ukikatika, maikrofoni hizo hunyamaza papo hapo.

Umefaulu ikiwa: hakuna uzi uliokatika, ngozi ya nje imekatwa kwa mstari ulionyooka, na mpira wa nyaya za ndani hauna alama ya wembe.

## Hatua ya 4: Lehemu kidogo, kwa haraka, na uache ulegevu

Funga kiini cha plagi, yaani sehemu yenye pini, kwenye jiriwa, kisha kichomeke kwenye plagi ya jinsia ya pili. Plagi hiyo ya pili hushikilia pini zisiende upande plastiki inapopata joto.

Pasi iwe kwenye nyuzijoto 350 hivi. Risasi ya 63/37 huyeyuka kwenye nyuzi 183, na joto la ziada ni la kukuwezesha kumaliza upesi. Kiungo kimoja kisizidi sekunde tatu. Pasi yenye joto dogo ndiyo inayounguza, kwa kuwa hukulazimisha kuikandamiza kwa muda mrefu huku lehemu ikipanda ndani ya waya na mpira ukirudi nyuma.

Anza kwa kupaka lehemu kwenye ncha za nyaya, milimita 3 tu, kiasi kwamba bado unaziona nyuzi chini yake. Kisha jaza nusu ya kila kikombe cha pini. Yeyusha lehemu ya kikombe, ingiza ncha ya waya, ondoa pasi na utulize mkono mpaka lehemu igande.

Mpangilio ni huu: wavu kwenye pini 1, waya wa ishara chanya kwenye pini 2, waya wa ishara hasi kwenye pini 3. Tumia rangi zile zile pande zote mbili. Kijicho cha nne kilichounganishwa na ganda la plagi kiache kitupu kwenye waya wa maikrofoni.

Onyo: risasi ni sumu. Fungua madirisha, usivute moshi wa utomvu, na uoshe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula.

Umefaulu ikiwa: kila kiungo kinang’aa na kimeingia laini kama maji yaliyolowesha kitambaa. Nyaya za ndani ziwe na mkunjo mdogo kama upinde, ili ukiisukuma ngozi ya nje mbele kwa milimita moja zipinde zaidi, na ukiivuta nyuma milimita moja zisikazane.

## Hatua ya 5: Kibano kishike ngozi ya nje

Kosa linaloua nyaya nyingi ni kibano kuzishika nyaya za ndani kwa sababu ngozi imechunwa ndefu mno. Ngozi ya nje lazima ipite kibano na kuonekana upande wa pili, angalau milimita 2. Ikiwa haifiki, usilazimishe. Fungua lehemu, kata na uanze tena.

Kwa plagi ya kibano cha kubana kwa kuzungusha, ingiza kiini, kibano na ganda kwa kufuata mfereji wake, kisha kaza buti kwa mkono mpaka lifike mwisho (ikiwa utajenga shingo ya Hatua ya 6 ndani ya buti, sinyaza mipira yake kwanza). Kwa plagi za bei nafuu zenye kipande cha chuma na skrubu mbili, kaza skrubu kwa zamu, kidogo kidogo, mpaka waya usiweze kuzungushwa kwa vidole. Ngozi ibonyee kidogo. Ikibanwa mpaka ikawa bapa, chuma kitazikata nyaya zilizo chini yake.

Ikiwa waya ni mwembamba kuliko kibano, unenepeshe kwa mpira wenye gundi ndani. Tepu nyeusi ya umeme haifai hata kidogo: gundi yake hulegea kwa joto, ikawa utelezi, na kibano kikabaki kinashika tepu huku waya ukitoka wenyewe.

Plastiki ya ngozi hujisogeza polepole inapobanwa, kwa hiyo skrubu ulizozikaza leo zitakuwa zimelegea kesho. Zikaze tena baada ya siku moja.

## Hatua ya 6: Jenga shingo inayopinda taratibu

Ikiwa buti la plagi yako ni refu, laini, na lina mikato pembeni, limeshafanya kazi hii na unaweza kuipita hatua hii. Mabuti mengi ya bei ndogo, kwa bahati mbaya, ni magumu kutoka mwanzo hadi mwisho, na huhamisha tu mahali pa kukatika.

Dawa yake ni tabaka za mipira inayosinyaa, zenye urefu tofauti na zote zikianzia mahali pamoja ndani ya buti. Tabaka la kwanza, la chini, liwe na milimita 60. La pili milimita 40. La tatu milimita 20. Karibu na plagi waya utakuwa na tabaka tatu, mbele kidogo mbili, kisha moja, kisha waya mtupu. Ugumu hupungua kwa ngazi, na mkunjo husambaa kwenye sentimita sita badala ya kuishia kwenye milimita mbili.

Tabaka zote ziwe za mpira wa kawaida. Wenye gundi, ukitumika shingoni kwa urefu wote, huwa fimbo ngumu, na tumekwisha kuona fimbo hufanya nini. Jambo moja la utaratibu: mipira hii isinyazwe kabla ya kukaza buti kwa mwisho, na uhakikishe kuwa tundu la buti linaupokea unene wa tabaka tatu. Lisipoupokea, anzisha tabaka pale pale buti linapoishia.

Pasha kwa hewa ya moto au kwa mwali wa kiberiti cha gesi unaopitishwa haraka bila kusimama mahali pamoja. Ngozi ikianza kung’aa kwa mafuta, umezidisha.

Supagluu usiipake hapa wala ndani ya plagi, kwa kuwa hunywewa na nyuzi na kuzifanya kavu na zenye kuvunjika. Kupiga fundo ndani ya ganda ni ushauri mwingine unaozunguka sana, na unalazimisha waya kukaa daima katika mkunjo mkali kuliko wote utakaoupata maishani mwake.

Umefaulu ikiwa: ukishika plagi kwa mlalo na kuuachia waya uning’inie, shingo inachora upinde mpana bila kona yoyote.

## Hatua ya 7: Jaribu kwa maltimita, kwa dumu na kwa mkono

Weka maltimita kwenye mlio. Pini 1 kwa pini 1, 2 kwa 2, na 3 kwa 3 lazima zilie. Pini 1 kwa 2, 1 kwa 3, 2 kwa 3, na kila pini kwa ganda, visilie. Kisha pima ukinzani: waya wa mita 6 wenye nyaya za ndani za milimita mraba 0.2 huwa na takriban nusu omu kwa kila waya, kwa hiyo ukipata zaidi ya omu moja, hata baada ya kutoa ukinzani wa nyaya za maltimita yenyewe, kuna kiungo kibaya.

Baada ya hapo, chora mstari wa kalamu kwenye waya pale unapotokea kwenye buti. Funga mwili wa plagi kwenye jiriwa, ukiwa umeuviringishia kitambaa, na waya uelekee chini. Zungusha waya mara kadhaa kwenye mkono wa dumu la lita 5 lililojaa maji, ambalo ni kilo 5, na uliachie polepole. Subiri dakika moja. Mstari ukisogea zaidi ya milimita moja, kibano hakijashika. Rudi hatua ya 5. Ni afadhali kulijua hilo mezani kuliko kulijua mbele ya watu mia tatu.

Mwisho, unganisha maltimita kwenye pini 2 za pande zote mbili na uikunje shingo kulia na kushoto mara ishirini huku ukisikiliza. Mlio usikatike hata kidogo. Rudia kwa pini 3 na pini 1, na kwa shingo ya upande wa pili.

## Ukitengeneza jeki ya milimita 6.35

Waya wa gitaa au kinanda hufuata kanuni zile zile, ila kibano chake ni ulimi wa chuma wenye masikio mawili. Ishara huenda kwenye ncha, wavu kwenye mwili. Masikio yakunjwe juu ya ngozi ya nje iliyovikwa tabaka moja la mpira, kwa sababu kingo zake ni kali na zikikandamizwa moja kwa moja hukata polepole. Yabonyeze kwa plaizi, sikio moja juu ya jingine, mpaka waya usiteleze. Ganda na kile kimrija cha plastiki kinachokaa ndani yake viingizwe kwenye waya kabla ya kulehemu. Bila kimrija hicho, kiungo cha ncha kinaweza kugusa ganda, na sauti ikapotea kabisa.

Jeki huumia kwa mkunjo kuliko XLR, kwa kuwa husimama wima kwenye gitaa na waya ukaanguka chini kwa pembe ya nyuzi 90. Tabaka tatu za shingoni hapa ni za lazima.

## Matumizi ya kila siku

Jukwaani, pitisha waya kwenye mguu wa stendi na uache kitanzi kilicholegea kati ya stendi na maikrofoni. Anayejikwaa atavuta stendi, na plagi haitajua kilichotokea. Kwa gitaa, pitisha waya kati ya mkanda na mwili wa gitaa kabla ya kuuchomeka.

Unapoukusanya, usiuviringishe kwenye kiwiko na kiganja. Kila mzunguko wa namna hiyo huusokota waya mara moja, na msokoto huo wote husukumwa kuelekea shingoni. Tengeneza duara la kwanza kwa kawaida, na la pili kwa kugeuza kiganja ili waya upite chini, kisha endelea kwa kupokezana. Maduara yawe na upana wa sentimita 30 hivi, yafungwe kwa utepe wa velkro, na plagi zisiachwe zikining’inia kwa uzito wake. Andika tarehe ya kutengenezwa kwenye kipande cha karatasi chini ya mpira angavu karibu na plagi jike, na kila baada ya miezi mitatu rudia jaribio la kukunja shingo mara ishirini ukiwa na maltimita.